Kobe Hateremki Tena

Tarehe 2 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Juzi ulipopiga, ni mimi niliyekuwa nimeshika simu ya Bibi. Nilikusikia ukisema "halo, halo, nani mwenzangu?" na sauti yangu ikagoma kutoka. Baadaye nilimwambia Bibi kwamba mtandao ulikuwa mbaya. Haukuwa mtandao. Kwenye karatasi angalau hakuna anayenisubiri nimalize sentensi.

Naandika kwa ajili ya Kobe. Wewe unalijua hilo gari kuliko mimi, maana ulijifunza kuendesha ndani yake, na Bibi anasema baba yangu alizaliwa likiwa tayari na mkwaruzo wake mlangoni. Tangu nimalize shule nakaa hapa kwa Bibi nikisubiri matokeo, na kila siku tunatoka na Kobe. Bibi amestaafu ukunga, lakini bado anakwenda kuwatazama wanawake waliojifungua, hata kama hawakumwita.

Mwaka jana fundi wa kona ya mtaa, yule tunayemwita Fundi Sawasawa kwa sababu hajui neno jingine, alitoa breki za ngoma za mbele akafunga za diski, kutoka gari la aina hiyo hiyo lililotengenezwa miaka ya baadaye. Alisema Kobe sasa atasimama kama gari la kisasa. Tangu hapo pedali imekuwa ngumu kama jiwe, na goti la Bibi unalijua. Anakanyaga kwa miguu yote miwili. Tukifika njia panda anavuta na breki ya mkono, na ili nisisikie ile "krrr" anakohoa. Kikohozi hicho hana nyumbani, hana kitandani. Kinampata njia panda tu.

Baba Mkubwa amekigundua. Alikuja Jumapili akamwambia Bibi: "Mama, mwisho wa mwezi nakuja, nakaa kando yako mpaka darajani na kurudi. Ukigusa breki ya mkono gari likitembea, hata mara moja, ufunguo naondoka nao." Bibi akamjibu, "Karibu sana mwanangu, uje na njaa." Lakini jioni hakula.

Kazi yako ni breki za mabasi. Je, kuna kitu cha kumsaidia mtu ambaye mguu wake umechoka?

Mimi,
Nukta


Tarehe 6 Juni

Nukta wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea shimoni, chini ya basi, na tone la oili limeangukia salamu zako. Usijali habari ya simu. Wewe andika, mimi nasoma.

Fundi Sawasawa hakukosea kuweka diski. Alikosea kuishia njiani. Breki ya ngoma ina ujanja wake: gurudumu likizunguka linakivuta kiatu cha breki kijibane chenyewe zaidi. Inamsaidia dereva bila kuombwa. Diski haina ujanja huo. Pedi mbili zinaibana kutoka pande mbili kwa nguvu uliyoitoa mguuni, basi. Ndiyo maana magari ya diski huongezewa busta, na hiyo ndiyo iliyomo kwenye boksi analokuletea dereva wa basi la asubuhi.

Usiiogope. Itazame kama sufuria mbili zilizofunikana midomo. Katikati kuna ngozi ya mpira inayogawa vyumba viwili. Injini ikiwaka inanyonya hewa kutoka vyumba vyote viwili. Ukikanyaga pedali, hewa ya nje inaruhusiwa kuingia chumba cha nyuma peke yake. Inaisukuma ile ngozi, ngozi inasukuma fimbo, fimbo inasukuma pistoni ya masta silinda, na masta silinda inapeleka oili ya breki magurudumuni. Kwa hiyo mguu wa Mama unaanzisha tu, hewa inamalizia. Hewa, Nukta! Hii hii tunayoivuta bure.

Kwenye boksi utakuta pia masta silinda yake, mpira wa kwenda kwenye injini, na valvu ndogo ya njia moja. Valvu hiyo inaacha hewa itoke kwenye busta, haiachi irudi. Injini ikizimika ghafla barabarani, Mama anakuwa bado na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili kabla pedali haijawa ngumu. Ijaribu kwa mdomo kabla haijafungwa.

Sasa shika hili, maana mafundi wenye haraka hulipita. Kati ya ncha ya fimbo na pistoni lazima ibaki nafasi ndogo, nyembamba kama ukucha. Fimbo ikiwa fupi, mguu unazama bure kabla breki haijashika. Ikiwa ndefu, inasukuma pistoni hata pale ambapo hakuna aliyekanyaga. Namna ya kupima: kanda unga kidogo, bandika donge kwenye ncha ya fimbo, fungeni masta silinda mahali pake, kisha ifungueni mtazame. Unga ukibaki utando mwembamba, mmepata. Ukitobolewa, fimbo irudishwe ndani kwa ile nati ya nchani. Mpe Fundi maelezo haya.

Mkishamaliza: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali tena na tena mpaka iwe ngumu. Acha mguu hapo hapo, washa injini. Pedali ikizama kidogo chini ya unyayo, busta imeamka.

Na mwambie Mama asikanyage kama alivyozoea. Akanyage kama anavyogusa tumbo la mjamzito.

Shangazi yako


Tarehe 14 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Boksi lilifika salama. Nililifungua sebuleni na Bibi akaiangalia busta akasema, "Hili ndilo goti langu jipya? Mbona jeusi hivi?"

Valvu niliijaribu kama ulivyosema. Upande mmoja hewa ilipita, upande wa pili mashavu yalijaa kama ya mpiga tarumbeta. Bibi alicheka mpaka akakaa.

Fundi alifunga kila kitu juzi pale karakanani kwake. Ana mikono miepesi sana, ningependa kuwa na mikono kama ile. Alitafuta mahali pa kuchomeka mpira kwenye injini akapapata, alitoa upepo wote kwenye oili, na hakuna kinachovuja. Mimi nilishika taa. Unga nilikanda. Fundi alizilinganisha fimbo ya zamani na mpya, akasema zinafanana.

Lile jaribio la kuwasha injini nilifanya mwenyewe. Shangazi, ni kweli! Nilikuwa nimekanyaga pedali imekuwa ngumu kabisa, nikageuza ufunguo, na pedali ikashuka taratibu, kama mtu aliyekuwa amekunja uso akakubali. Nilizima nikarudia. Nilirudia tena mpaka Fundi akaniambia nitamaliza betri.

Mara ya kwanza Bibi kukanyaga barabarani alisahau habari ya tumbo la mjamzito. Alikanyaga kwa miguu miwili kama kawaida yake. Kobe alisimama palepale, kikapu cha vitunguu kikahamia mbele, na paji langu la uso nusura libusu kioo. Bibi akageuka akaniangalia macho yameng'aa, akasema, "Umeona?" Sasa anakanyaga kwa mguu mmoja. Njia panda hakohoi.

Baba Mkubwa amepiga simu, anasema hana haja ya kusubiri mwisho wa mwezi, anakuja Jumamosi hii hii. Bibi amesema aje hata kesho.

Nauliza jambo dogo tu, si muhimu. Unakumbuka ua wetu una mteremko, na ukiachia breki ya mkono Kobe huteremka mwenyewe mpaka getini kabla hujawasha? Sasa hateremki tena. Anasimama alipo. Bibi amefurahi, anasema amepata adabu. Fundi naye anasema hiyo ndiyo dalili ya breki nzuri. Tukirudi safari kuna harufu kidogo, kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo, lakini Fundi anasema ni pedi zinazoea. Nauliza tu.

Mimi,
Nukta


Tarehe 18 Juni

Nukta,

Barua yako imechelewa kunifikia, na hii naiandika nimesimama, dereva ananipigia honi.

Umeandika, "Unga nilikanda." Hukuandika unga ulisema nini.

Gari lililoteremka pale uani miaka yote, leo likikataa kuteremka, halijapata adabu. Limeshikwa. Fimbo ni ndefu, breki zimebana bila mguu wa mtu. Diski zitapata moto, oili itachemka, na oili ikichemka inajaa mapovu. Hapo mguu wa Mama utazama mpaka sakafuni na asikute kitu. Njia ya darajani yote ni mteremko.

Nimempigia Mama, simu imezimwa, bila shaka iko kabatini na sukari. Kaka, yaani Baba Mkubwa wako, hapokei. Kama barua hii itafika kabla hawajatoka, wazuie. Sema neno moja tu mwanangu, moja linatosha. Hutakuwa unamvunjia Fundi heshima. Heshima yake itavunjika kule chini darajani.

Breki nzuri si ile inayoshika tu. Breki nzuri inajua kuachia.

Shangazi yako


Tarehe 19 Juni, Jumamosi

Mwanangu,

Barua yako kwa Nukta imefika sasa hivi, Kobe akiwa tayari juu ya jeki. Kwa hiyo kwanza tulia, unywe maji. Sote wazima. Simu yangu ilikuwa kabatini, ndiyo, na usinisimange.

Najua Nukta atakuandikia "tulirekebisha fimbo" na kuweka nukta yake. Basi nasimulia mimi.

Kaka yako alifika asubuhi amevaa miwani ya jua kama mkaguzi. Mimi nilikuwa nimeshakwenda na Kobe dukani na kurudi, ili apashe miguu. Fundi Sawasawa naye alikuja kuutazama ushindi wake. Nikakaa, Kaka yako akakaa kando yangu, nikawasha injini, nikaachia breki ya mkono. Kobe kimya, hasogei. Nikamwambia Kaka yako, "Unaona alivyo na adabu siku hizi?"

Nilipoinua macho, mjukuu wangu alikuwa amesimama katikati ya geti. Amenyoosha mkono, na kiganjani ana donge la unga.

Kaka yako akatoa kichwa dirishani. "We mtoto, toka njiani! Unataka tukukande na wewe?"

Hakutoka. Midomo ilikuwa ikicheza lakini hapakutoka kitu. Mwanangu, mimi nimepokea watoto wengi ambao hawakulia papo hapo. Ukiwapigia kelele huwasaidii. Unawapa nafasi. Nilizima injini.

Akasema, "Hapana."

Fundi akacheka. "Hapana nini binti? Mbona kila kitu sawasawa?"

"Gusa gurudumu la mbele."

Fundi hakugusa. Aliyeshuka akagusa ni Kaka yako, kwa kuwa yeye tangu utotoni haamini kitu mpaka akishike. Aliweka kidole pale katikati kwenye chuma, akaruka juu. "Yalaa! Mama, hili gari au jiko?" Kidole kimefungwa kitambaa mpaka sasa, utadhani kimevunjika.

Basi akaingiza mkono ndani, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. "Imetosha," akasema. "Goti lako, busta yao, sijui unga. Imetosha."

Ni Nukta aliyejibu, tena alikuwa anamwambia Fundi, hakumtazama Kaka yako kabisa. "Tungepima kwa unga. Tafadhali."

Fundi alimtazama, akatazama lile gurudumu, akakunja mikono ya shati. Tulisubiri vyuma vipoe. Akaifungua masta silinda, Nukta akabandika donge kwenye ncha ya fimbo, wakafunga, wakafungua. Donge lilikuwa limetobolewa kama sikio la msichana. Fundi alilishika kwenye mwanga, akaligeuza, kisha akatamka kitu ambacho sijawahi kukisikia kinywani mwake.

"Si sawasawa."

Akamwuliza, "Unga huu ulikuwa nao siku ile?"

"Nilikuwa nao."

"Uko wapi?"

"Mkononi. Ulikauka."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulishasema sawasawa."

Fundi akakaa juu ya tairi la akiba, akajifuta uso. Hakukasirika. Halafu akampa Nukta spana, akamwambia, "Nati hiyo hapo. Izungushe wewe, mimi nitashika taa." Ndicho wanachofanya hivi sasa ninapoandika. Wamemaliza unga wangu nusu bakuli.

Kaka yako amekubali kusubiri mpaka mwisho wa mwezi, kama alivyosema mwanzo. Ufunguo amempa Fundi kwa ajili ya kazi tu, na kazi ikiisha unarudi mfukoni kwake. Siku hiyo ikishindikana, hataki tena habari ya Kobe. Simlaumu. Anaogopa kupigiwa simu mbaya. Mimi naogopa kingine. Mtu akishaanza kukaa kibarazani akingoja kuchukuliwa, haichukui muda anangoja na kuamuliwa. Ale nini, alale saa ngapi. Nimewaona wengi.

Msalimie huyo mume wako asiyeongea.

Mama yako


Tarehe 29 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tulirekebisha fimbo.

Bibi amesoma mstari huo juu ya bega langu, amecheka peke yake, na hataki kuniambia kwa nini. Nimemwomba aende jikoni.

Kwanza samahani kwa ile "unga nilikanda". Siku ile nilisimama nyuma ya Fundi na donge mkononi, nikawa nasubiri aangalie upande wangu. Alikuwa anapiga mluzi. Nilifikiri, kama nikikosea atacheka, na kama nikipatia atachukia, basi nikaona bora nishike taa vizuri. Sikujua kwamba nikinyamaza Bibi ndiye atakayeteremka na fimbo hiyo darajani. Jumamosi asubuhi nilisoma tena barua yako, pale uliposema fimbo ndefu inasukuma hata bila mguu, ndipo nikakimbilia unga.

Tulipima upya mpaka unga ukabaki utando. Fundi alitaka kufunga, nikamwambia, "Bado mara moja." Akafungua tena bila neno. Siku hizi ana donge lake mwenyewe kwenye kopo, juu ya rafu ya spana, na ameandika juu yake kwa chaki: USILE. Oili yote tuliimwaga tukaweka mpya, kwa sababu ile ya zamani ilishapata moto. Pedi zilikuwa zimeungua kidogo pembeni, tukabadilisha.

Leo Baba Mkubwa alikuja. Bila miwani. Alimpa Bibi ufunguo mkononi, akakaa kando yake, mimi nikakaa nyuma. Bibi aliachia breki ya mkono kabla ya kuwasha injini, na Kobe akaanza kuteremka, polepole, mwenyewe, changarawe zikilia chini ya matairi.

"Linakwenda!" Baba Mkubwa akashika dashibodi. "Mama, linakwenda lenyewe!"

Nikasema, "Ndivyo linavyotakiwa, Baba Mkubwa."

Aligeuka kunitazama. Nadhani hakuwa amewahi kunisikia nikisema sentensi nzima. Bibi akagusa pedali kwa mguu mmoja, Kobe akatulia mbele ya geti, akaachia, Kobe akasogea tena. Ndipo akawasha injini, tukatoka.

Njia panda kulikuwa na lori. Bibi alipunguza mwendo, mguu mmoja, breki ya mkono haikuguswa. Halafu akakohoa.

Baba Mkubwa aliinama haraka akatazama breki ya mkono. Ilikuwa chini, imelala. Alitazama mkono wa Bibi. Ulikuwa kwenye usukani. Bibi mwenyewe alikuwa amejishtukia, amebana midomo, mashavu yanatetemeka kwa kicheko. Kilikuwa kimetoka kwa mazoea tu.

Mteremko wa darajani alishuka akigusa na kuachia, akigusa na kuachia. Chini kabisa alisimama kando ya barabara, injini ikaendelea kunguruma, nikashuka na kuweka kiganja karibu na gurudumu. Lilikuwa na joto la kawaida, unaweza kulivumilia. Baba Mkubwa naye alishuka, lakini alitumia mkono mwingine, siyo ule wa kidole. Tulisimama hapo tukiangalia maji. Akaniuliza, "Hiyo hewa inaingia chumba cha nyuma tu, siyo?" Nikamweleza yote: ngozi ya mpira, valvu, fimbo. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alisema, "Mimi nilidhani breki ni kukanyaga tu."

Nyumbani alikunywa chai, akala. Alipoondoka alipita kando ya Kobe. Ufunguo ulikuwa bado unaning'inia kwenye usukani, Bibi alikuwa ameusahau, au hakuusahau. Baba Mkubwa aliutazama, akaufunga mlango taratibu, ufunguo ukabaki ndani. Getini akageuka.

"Mama," akasema, "hicho kikohozi kitibiwe."

Bibi amelala sasa, mchana huu, miguu juu ya mto. Kesho anakwenda ng'ambo ya daraja kumtazama mwanamke aliyejifungua mapacha, peke yake. Nilitaka kumsindikiza akakataa. Sikubisha.

Simu ya Bibi nimeitoa kabatini. Jumapili nitakupigia, nataka kukuuliza kuhusu kazi ya shimoni kwenye mabasi, na sitaki kuuliza kwa barua. Ukisema halo usiposikia kitu, usikate, Shangazi. Sio mtandao. Nipe nafasi kidogo tu, kama ya ukucha.

Mimi,
Nukta